Mtoto wa Mbwa wa Shamba Anayelia Usiku: Hukumu Yake na Namna ya Kumlaza

BismiLlaahir-Rahmaanir-Rahiym

Sifa zote njema anastahiki Allaah, Mola wa walimwengu. Swalah na salaam zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam), ahli zake na Swahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Familia ya Kiislamu inapomchukua mtoto wa mbwa ili aje kulinda shamba, tatizo la mwanzo huja usiku ule ule wa kwanza. Mtoto analia tangu baada ya 'Ishaa mpaka karibu na Alfajiri. Watoto wa nyumbani hawalali, jirani anagonga ukuta, na baba anaamkia Swalah akiwa hoi. Usiku wa pili mtu anatoka na fimbo. Usiku wa tatu wengine humtia kwenye gunia wakaenda kumtupa barabarani.

Makala hii inaeleza mambo matatu: nani anaruhusiwa kumfuga mbwa huyu, kwa nini analia, na vipi atalala bila ya kuingizwa ndani na bila ya kupigwa.

Mfano wa Mkuyuni

Mkuyuni ni kata iliyo katika Wilaya ya Morogoro, kwenye barabara inayotoka Bigwa kuelekea Matombo na Kisaki, chini ya miteremko ya mashariki ya milima ya Uluguru. Mandhari ya upande ule si mageni kwa Mpemba: migomba, minazi, minanasi, na katika vijiji vya jirani mikarafuu, midalasini na pilipili manga. Waislamu ni wengi huko, na maisha yao ni ya shamba.

Adui wa mkulima wa huko huja usiku na mchana. Nguruwe mwitu hufukua mihogo na kuangusha mahindi gizani, na nyani na tumbili humaliza ndizi kukipambazuka. Watu hujenga dungu shambani wakakesha, wakapiga madebe. Mwenye mbwa mzuri hupata nafuu, kwani mbwa husikia na kunusa kabla ya mwanadamu. Na kwetu visiwani hali ni hiyo hiyo: wasasi wa Unguja na Pemba hutoka na mbwa wao kuwasaka nguruwe mwitu wanaoharibu mihogo.

Kwa hiyo tunaposema mbwa katika makala hii tunamkusudia mbwa wa haja, si mbwa wa pambo.

Hukumu ya kumfuga

Imepokewa katika Al-Bukhaariy na Muslim kuwa mwenye kuweka mbwa hupungukiwa na ujira wa amali zake kila siku kwa kiasi cha qiyraatw, na katika mapokezi mengine qiyraatw mbili, isipokuwa mbwa wa mifugo, wa kuwinda au wa shamba. Neno "shamba" limo katika riwaya ya Abu Hurayrah (Radhwiya Allaahu 'anhu), naye mkulima wa Mkuyuni anaingia humo moja kwa moja.

Je, huyu mdogo ambaye bado hawezi kulinda chochote? Wanachuoni wa madhehebu ya Ash-Shaafi'iy wamelizungumza suala hili. Imaam An-Nawawiy ametaja kuwa kauli iliyo sahihi zaidi ni kujuzu kumlea mtoto wa mbwa ili afunzwe kazi hizo. Vile vile amesema kuwa kumweka mbwa kwa ajili ya kulinda nyumba kunajuzu kwa kukisiwa na yale matatu, inapokuwepo haja ya kweli.

Ama familia ya mjini, iwe Ng'ambo au Chake Chake, inayotaka mtoto wa mbwa ili watoto wapate cha kuchezea, hiyo haimo katika ruhusa. Wakimkuta ametupwa, wampe maji na chakula, kisha wamtafutie mwenye shamba anayemhitaji. Na apewe bure, kwa sababu Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) amekataza thamani ya mbwa.

Pia imethibiti kuwa Malaika hawaingii nyumba yenye mbwa. Al-Khattwaabiy ameona kuwa makusudio ni mbwa asiyeruhusiwa kufugwa. An-Nawawiy ameona kuwa lililo dhahiri ni kuwa inawahusu mbwa wote. Mwenye kutaka salama atamweka mbwa wake nje ya nyumba, hata akiwa ni wa haja, hata akiwa mchanga. Hapa ndipo ugumu unapoanza, kwa sababu mtoto wa mbwa aliyewekwa nje peke yake ndiye anayelia sana.

Kwa nini analia

Wapo wanaoamini kuwa mbwa akilia usiku ni mkosi, au kuna mtu atakufa. Itikadi hiyo haina nafasi kwa Muislamu, kwani Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) amekanusha mikosi. Kilichopokewa kwa Abu Daawuwd ni kuwa tukisikia kubweka kwa mbwa na mlio wa punda usiku tuombe kinga kwa Allaah, kwani wanaona tusiyoyaona. Tumefundishwa kuomba kinga. Hatukufundishwa kumpiga mnyama wala kumuua kwa kulia kwake.

Sababu za kilio zinajulikana, na nyingi unaweza kuziondoa:

1. Upweke. Jana alilala katikati ya ndugu zake, ubavuni mwa mama yake, na leo yuko peke yake gizani. Kwa umbile lake, mtoto aliyeachwa na kundi hulia ili atafutwe.

2. Baridi. Miili ya wadogo hupoteza joto haraka. Usiku wa Juni na Julai kwenye miteremko ya Uluguru ni wa baridi, na usiku wa masika visiwani ni wa unyevu.

3. Haja ndogo. Mtoto wa miezi miwili hawezi kuzuia mkojo kwa zaidi ya saa mbili tatu hivi. Naye kwa tabia yake hapendi kuchafua mahali anapolala, kwa hiyo hulia ili atolewe.

4. Njaa, kiu au tumbo. Aliyekula jioni kupita kiasi, au aliyepewa maziwa ya ng'ombe yakamharisha, hatatulia.

5. Minyoo, viroboto na kupe. Anayewashwa mwili mzima halali.

6. Kuchukuliwa mapema. Huyu ndiye mgumu kuliko wote. Mtoto akae na mama yake mpaka afikishe wiki nane. Aliyetolewa akiwa na wiki nne au tano hulia zaidi, huugua zaidi, na hukua bila ya kujifunza kwa ndugu zake kuwa kuuma kunaumiza.

Katika hizi zote hamna hata moja inayoondoka kwa fimbo. Mtoto akipigwa kwa sababu ya baridi, baridi inabaki na woga unaongezeka. Mbwa aliyekulia kwenye woga huwa wa aina mbili: anayekimbia nguruwe akija, au anayemuuma mtoto wa jirani akipita. Wote wawili ni hasara kwa mwenye shamba.

Mbona tumlaze, na kazi yake ni kukesha?

Swali hili huulizwa na wakulima, na lina haki ya kujibiwa. Mtoto wa mbwa hulala kiasi cha saa 18 mpaka 20 kwa siku, na katika usingizi huo ndipo anapokua. Kulinda atakuja kujifunza akishakuwa mkubwa, kwa kufuatana na mbwa wazima na mwenyewe. Akizoea tangu udogoni kupiga kelele usiku kucha, watu wa nyumba watazoea kutomsikiliza. Siku nguruwe wakiingia kweli, hapana atakayeinuka. Mbwa anayenyamaza usiku usio na jambo ndiye ambaye sauti yake ina maana.

Kibanda

Kijengwe nje, lakini kwa siku za mwanzo kiegemezwe kwenye ukuta wa chumba anacholala baba au kijana mkubwa wa nyumba. Ukuta ukiwa baina yao, mtoto atasikia mtu akikohoa, akigeuka kitandani, akisoma nyiradi zake. Hilo peke yake hupunguza kilio sana.

Sakafu iwe ya fito au mbao, imeinuliwa shubiri moja kutoka chini ili maji ya mvua yasiingie. Paa liwe la makuti, au bati lililo chini ya kivuli. Mlango usielekee upande unaotoka upepo na mvua. Ukubwa uwe wa kumtosha kusimama, kugeuka na kujinyoosha, kwani kibanda kikiwa kikubwa mno atafanya choo pembeni na kulala upande wa pili.

Tandika magunia makavu au nyasi kavu, na uyaanike juani kila siku. Ukienda kumchukua, omba kipande cha gunia alilolalia mama yake. Harufu ile humtuliza katika siku za mwanzo. Usiku wa baridi weka chupa ya maji ya moto, iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa kitambaa kinene, na chupa hiyo iwe ya kazi hiyo tu.

Usimfunge kamba shingoni usiku, kwani mdogo hujizongazonga akajinyonga. Zungushia kibanda uzio wa fito.

Ratiba kwa nyakati za Swalah

Nyumba ya Kiislamu tayari ina saa yake, nayo ni adhana. Mtoto wa mbwa hupenda mambo yajirudie kwa wakati ule ule, kwa hiyo ratiba hii ni nyepesi kuishika:

Baada ya Alasiri: atembezwe na achezeshwe ndani ya ua mpaka achoke kiasi. Aliyelala mchana kutwa ndiye anayekesha.

Baada ya Magharibi: apewe mlo wa mwisho, uji mzito au ugali laini uliochanganywa na dagaa, usio na vitunguu wala chumvi nyingi. Mifupa ya kuku iliyopikwa asipewe, kwani hupasuka ikamchoma tumboni. Maji yawepo mchana kutwa na jioni.

Baada ya 'Ishaa: apelekwe mahali pa kufanyia haja, pale pale kila siku. Msimamie kimya mpaka amalize, kisha umwambie neno zuri kwa sauti ya chini na umrudishe kibandani. Michezo isianze tena.

Kiasi cha saa saba za usiku: mwamshe wewe kabla hajakuamsha yeye. Bila ya taa kali na bila ya maneno mengi, mtoe, afanye haja, mrudishe. Mdogo sana huenda akahitaji mara mbili. Na aliyeinuka saa hiyo amepata fursa: achukue wudhuu na aswali raka'ah mbili kabla ya kurudi kitandani.

Kabla ya Alfajiri: mtoe tena, ndipo siku ianze.

Kila baada ya siku nne tano sogeza mbele saa ya katikati ya usiku kwa nusu saa, mpaka ikutane na Alfajiri. Akifikia miezi minne hivi, walio wengi huweza kulala tangu saa nne za usiku mpaka karibu na Alfajiri bila ya kutolewa.

Akilia baina ya nyakati hizo

Sikiliza kwanza. Kilio kinachoanza ghafla baada ya kimya kirefu mara nyingi ni cha haja, basi mtoe. Kilio cha kunung'unika kinachoanza pale tu ulipomrudisha ni cha upweke. Mwambie neno moja kutoka ndani, kwa sauti tulivu, kisha nyamaza. Usimkaripie na usimrushie kitu. Pia usitoke kila anapopaza sauti ukamchezea, maana utamfundisha kuwa kelele ndizo zinazoleta watu. Subiri anyamaze japo kwa muda mfupi ndipo umwendee.

Nyumba nzima iwe na mwenendo mmoja. Baba akinyamaza na mtoto wa skuli akatoka na kipande cha mkate, kazi ya wiki nzima imepotea.

Akishalala vizuri kwa wiki moja, anza kukisogeza kibanda hatua mbili kila siku chache mpaka kifike mahali pake pa kudumu, ukingoni mwa ua au shambani. Anayekihamisha kwa siku moja hurudi usiku wa kwanza.

Na jirani aambiwe mapema. Haki ya jirani ni kubwa, kiasi kwamba Jibriyl ('Alayhis-salaam) aliiusia mpaka Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) akadhani kuwa jirani atapewa fungu la urithi. Jirani aliyeombwa radhi kabla, akaambiwa kuwa ni jambo la wiki chache, husubiri.

Twahara ya mwenye kumlea

Kwa madhehebu ya Ash-Shaafi'iy, ambayo ndiyo ya wengi wetu visiwani na mwambao, mbwa ni najisi nzito. Imaam Maalik ana kauli nyingine, lakini tunaeleza hapa kwa watu wa madhehebu yetu.

Mate yake, mkojo wake na mwili wake ukiwa na majimaji vikigusa mwili, nguo au chombo, huoshwa mara saba, moja ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo safi. Kauli yenye nguvu katika madhehebu ni kuwa sabuni haichukui nafasi ya udongo. Ama akiwa mkavu na wewe mkavu, najisi haihami. Ua wa udongo uliokojolewa huoshwa kwa maji mara saba bila ya haja ya kuongeza udongo mwingine.

Kwa hiyo jipange: kanzu au shati moja la kazi hiyo, ndoo ya udongo safi uliochungwa karibu na bomba, na sahani yake isiyoingia jikoni. Anayemtoa usiku avae nguo hiyo, kisha abadilishe kabla ya Swalah. Watoto wafundishwe hukumu hizi wakiwa wadogo, wasije wakadhani kuwa najisi maana yake ni chuki. Najisi ni hukumu ya twahara, na rehema kwa kiumbe inabaki pale pale.

Afya yake na usalama wenu

Kilio kinachoambatana na kuharisha damu, kutapika, tumbo kuvimba au kukataa kula si cha upweke. Mwoneni afisa mifugo. Dawa ya minyoo huanza angali mdogo na hurudiwa kama atakavyoelekeza. Walio karibu na Morogoro mjini wana Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambako madaktari wa mifugo wa nchi hii husomeshwa.

Lililo kubwa kuliko yote ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Pemba inatosha kuwa funzo. Ugonjwa huu ulikatika kisiwani mwaka 2014 baada ya kampeni za kuchanja mbwa, ukarudi mwaka 2016, na kwa kuchanja tena ukamalizwa mwaka 2018. Mbwa mmoja anayeshushwa bandarini bila ya chanjo anaweza kuurudisha. Basi mwenye shamba Pemba asimpakie chomboni mtoto wa mbwa kutoka Morogoro wala kwengineko mpaka awaulize watu wa mifugo na atimize masharti yao.

Mbwa akimng'ata au kumkwaruza mtu, jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, na mtu apelekwe hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Dalili zikishatokea, maradhi haya hayana tiba. Jeraha lisitiwe udongo: kuilinda nafsi kunatangulia, na kuhusu twahara yake aulizwe mwanachuoni baada ya hapo. Mbwa aliyebadilika sauti, anayetokwa na mate, anayeyumba au kuuma ovyo asiguswe. Apewe habari sheha na afisa mifugo.

Tahadhari na bishara

Mnyama aliye mikononi mwako ni amana. Kumlisha na kumnywesha ni waajib, na kumpiga usoni kumekatazwa. Imethibiti kuwa mwanamke mmoja aliingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia bila ya kumlisha wala kumwachia ajitafutie. Na imethibiti kuwa Allaah Alimsamehe mja kwa kumnywesha maji mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu. Mbwa yule hakuwa wake, wala hakumlindia shamba.

Mwenye kumtupa mtoto wa mbwa barabarani usiku wa tatu kwa sababu analia, basi ajiulize atakuwa upande wa nani katika hadithi hizi mbili. Na anayeinuka saa saba za usiku kumtoa nje kiumbe asiyeweza kusema haja yake, ategemee ujira, kwani Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) ametufahamisha kuwa kuna thawabu katika kumtendea wema kila chenye uhai.

Ni subira ya wiki chache tu. Baada yake nyumba italala, jirani atalala, na shamba litakuwa na mlinzi.

Wa Allaahu A'lam.